Nyota ya Geti la Pranlal

Breka ya umeme ilianguka kabla kidole cha Koplo Fredy hakijatoka kwenye swichi. Hakuna taa iliyowaka: si za ukutani, si za barazani, wala nyota kubwa ya chuma iliyosimama juu ya nguzo ya geti.

"Pandisha tena," alisema Inspekta Mageni.

Fredy akapandisha breka, akabonyeza swichi. Breka ikaanguka tena kwa mlio ule ule.

"Umeridhika?" aliuliza Afande Mwita, mkuu wa upelelezi. Alikuwa amesimama mbali na geti, mikono mfukoni, na hakuficha kwamba hapendi kuletwa pale asubuhi yote ile kuonyeshwa breka. "Waya umegusana, mtu amekufa. Kazi ya ovyo. Unatafuta nini kingine?"

Mageni alikuwa amechuchumaa nyuma ya nguzo, suruali yake ikigusa tope, na tope la Kahama la Desemba halitoki kwa sabuni ya aina yoyote. Hilo nalo lilimwongezea hasira.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Juzi jioni Onesmo, msimamizi wa ghala la Mzee Pranlal, alifika kwenye geti hili la nyumba ya mwajiri wake kukabidhi funguo kama kawaida yake. Kama kawaida yake pia, alivua mabuti ya mpira akanawa miguu kwenye bomba lililoko nje, kwa sababu mama mwenye nyumba haruhusu matope barazani. Bomba liko karibu na geti. Mtu akinyanyua mguu mmoja kuunawa, mkono lazima ushike kitu, na Onesmo alishika geti. Taa za mapambo zikawashwa. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Boaz, fundi aliyekodiwa kuipamba nyumba, alikamatwa usiku huo huo. Mageni ndiye aliyemtia pingu. Sasa Mwita alitaka asomewe shitaka la kuua bila kukusudia leo leo, kabla mahakama haijafunga kwa sikukuu. Dhamana ikikwama, Boaz angekula Krismasi na Mwaka Mpya gerezani. Na hata angetoka baadaye, nani Kahama nzima angemkodi fundi wa taa aliyeua mtu?

"Afande, njoo uone," alisema Mageni.

"Naona kutoka hapa."

"Huoni. Njoo."

Mwita akasogea, akinyanyua viatu kwa uangalifu. Waya mweupe wa nyuzi mbili ulishuka kutoka kwenye nyota, ukapita nyuma ya nguzo ambako mgeni asingeuona, ukaishia usawa wa bawaba ya geti. Ncha zake mbili zilikuwa zimemenywa zikabaki shaba tupu. Kisha zilikuwa zimesokotwa pamoja, vizuri kabisa, zikakunjwa kurudi nyuma. Kwenye bawaba palikuwa na alama nyeusi ya kuungua, ndogo kama punje ya ufuta.

"Juzi taa ziliwaka?" aliuliza Mageni.

"Ziliwaka. Mtaa mzima uliziona."

"Zingewakaje, ncha zikiwa zimesokotwa hivi? Tumejaribu mara mbili, breka inaanguka. Ingeanguka na juzi. Onesmo angemaliza kunawa miguu, akaingia ndani, akakabidhi funguo, akaenda kwake kula ugali."

Mwita aliinama akazitazama ncha. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu, na haraka humfanya mtu afanane na mjinga.

"Endelea," alisema.

"Juzi uzi mmoja tu ulikuwa umeshikizwa kwenye bawaba, ule wa moto, unaoleta umeme. Mwingine ulikuwa haugusi kitu. Taa zikawaka, geti likapata umeme. Baada ya Onesmo kuanguka na swichi kuzimwa, mtu akachomoa uzi bawabani, akazisokota ncha. Kule juu, waya ulikoungwa, hakufika, panahitaji ngazi, na watu walishaanza kujaa. Wakati huo Boaz alikuwa Kagongwa juu ya paa la kanisa. Katekista na wanakwaya wote wanamshuhudia."

"Basi Boaz alitega, mwingine akachomoa."

"Inawezekana. Namtaka huyo mwingine."

"Gari la mahabusu linaondoka saa nane," alisema Mwita, akitazama viatu vyake. "Ukiniletea mtu, nitampeleka huyo. Usiponiletea, nitaondoka na niliye naye. Na hii ni nyumba ya watu wanaoheshimika mjini, Mageni. Usiwageuze kuwa mahabusu kwenye baraza lao."

Akaondoka. Mageni alibaki akizitazama zile ncha. Alikuwa ameshauona msokoto wa namna ile mahali fulani, na kushindwa kukumbuka ni wapi kulimkera kuliko maneno ya Mwita.

Anjali, binti wa Pranlal, alimpokea Mageni barazani, mwanamke kwa mwanamke, bila kumkaribisha kiti. Yeye ndiye aliyeendesha biashara ya baba yake, kuuza pampu, kamba na vifaa vya wachimbaji, na alizoea wanaume wazima kusimama mbele yake wakisubiri.

"Muuaji mnaye," alisema. "Sasa mnarudi kwangu kufanya nini?"

"Kuuliza."

"Nimeshaulizwa. Nimeulizwa mpaka mama yangu amepanda presha."

"Nani aliamua nyota ikae kwenye geti?"

"Mimi. Kila mwaka taa za sikukuu yetu ya Diwali tunaziacha mpaka Mwaka Mpya, watoto wa mtaa wanazipenda. Miaka yote tulifunga wenyewe, nusu zinawaka, nusu haziwaki, aibu tupu. Mwaka huu nikasema nitakodi watu wa kazi. Nikamwambia Boaz aongeze nyota, kwa sababu majirani zetu wengi ni Wakristo. Ni kosa?"

"Onesmo aliona ni kosa."

Anjali alimkata jicho. "Mmeshaambiwa."

"Nataka kukusikia wewe."

"Alisimama hapo uani mbele ya wafanyakazi wote, akasema nyota ya Bethlehemu haipambi nyumba ya wasioamini. Akaapa ataing'oa kwa mikono yake. Mtu anakula mshahara wetu!" Sauti yake ilipanda. "Boaz akamwambia, ukiigusa nyota yangu utanijua mimi ni nani. Wote walisikia. Sasa mnataka ushahidi gani mwingine, muujiza?"

"Na wewe ulimjibu nini Onesmo?"

"Nilimwambia aondoke mbele yangu." Akainua kidevu. "Ndiyo, nilimchukia siku hiyo. Andikeni."

"Swichi ulibonyeza wewe?"

Hapo Anjali alikaa. Alikaa kwenye kile kiti ambacho hakumkaribisha mgeni, na mikono yake ikatafuta pa kujificha.

"Mimi," alisema. "Lakini niliuliza kwanza. Boaz mwenyewe alinifundisha hivyo: dada, usiwashe kabla hujauliza kama kuna mtu ameshika chuma au yuko kwenye ngazi. Geti letu ni la bati zito, ukiwa barazani huoni nje. Mwigulu, dereva wetu, alikuwa pale getini. Nikamwuliza, Mwigulu, getini hakuna mtu? Akasema hakuna, dada, washa. Nikawasha."

"Mwigulu hakumwona Onesmo?"

"Onesmo alikuwa upande wa nje. Angemwonaje?"

"Bomba halikusikika?"

"Redio ilikuwa inaimba. Unataka kusema nini?" Alisimama tena. "Fundi amefunga nyaya vibaya, basi. Mimi nilifanya nilivyofundishwa. Mkitaka kumtoa yule fundi ili mnitie ndani mimi, semeni, baba ampigie wakili."

Mageni alielewa ugomvi ule ulitoka wapi. Boaz akiwa na kosa, kidole cha Anjali hakina kosa. Alishika ile hukumu kama mtu anayezama anavyoshika jani.

"Siku hiyo, baada ya Boaz kuondoka, kuna mtu mwingine aliyepanda ngazi?"

"Mwigulu. Alifunga maua ya plastiki kwenye nguzo. Nilimtuma mimi." Akaelekea mlangoni. "Sasa tuacheni."

Mahabusu kulikuwa na joto na harufu ya watu wengi. Boaz aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na shati lile lile alilokamatwa nalo, jina la kazi yake limedariziwa kifuani: Boaz Mapambo. Alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini hivi, na hakusalimia.

"Habari za asubuhi," alisema Mageni.

"Unaniuliza habari? Wewe ndiye uliyenifunga pingu mbele ya mteja wangu."

"Ni mimi. Kaa."

"Nimekaa siku mbili, nimechoka kukaa."

"Basi simama. Waya ulioshuka kutoka kwenye nyota mpaka kwenye bawaba ni wako?"

"Sina waya uliokwenda kwenye bawaba. Nimesema, nimerudia, mnaandika mnavyotaka." Alipiga meza kwa kiganja, na askari wa mlangoni akasogea, Mageni akamwashiria atulie. "Geti linafunguka na kufungwa kutwa nzima. Utapitishaje waya hapo? Utakatika kabla ya Krismasi, nirudi kwa gharama yangu. Mimi nimepamba harusi, maduka, makanisa, toka hapa mpaka Kolandoto. Hata mwanafunzi wangu wa kwanza hawezi kufanya upuuzi huo."

"Ulimtishia marehemu."

"Nilimtishia. Alitaka kuvunja kazi yangu. Ungekuwa wewe ungemwimbia?"

Mageni alitoa mfukoni kipande cha waya alichonunua dukani njiani, kisu kidogo na tepu nyeusi, akavisukuma mezani. Ncha za waya zilikuwa zimeshamenywa.

"Uko kwenye kazi. Unaitwa kula. Waya huu bado hujaunganisha. Uache kama unavyouacha siku zote."

Boaz alimtazama kama mtu anayetafuta mtego. Kisha akachukua kisu, akakata uzi mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake, akaizungushia tepu kila ncha peke yake. Hakufikiri. Ilimchukua muda wa kukohoa mara moja.

"Kwa nini hujazisokota pamoja?"

"Nizisokote?" Kwa mara ya kwanza hasira ilimtoka, ukaja mshangao. "Uzi wa moto na uzi wa nyutro? Mtu akiwasha je?"

Mageni akachukua waya wake. Mlangoni aliisikia sauti ya Boaz nyuma yake, nayo haikuwa na ukali tena.

"Afande. Mke wangu ameambiwa nini?"

"Ameambiwa unahojiwa."

"Na wateja wangu wa Mwaka Mpya?"

Mageni akaangalia saa, akatoka.

Alirudi kwa Pranlal jua likiwa utosini. Safari hii hakumwendea Anjali. Alimkuta Mwigulu nyuma ya nyumba akipangusa kioo cha gari ambacho tayari kilikuwa safi. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kusahaulika haraka. Majirani walikuwa wamesema yeye ndiye aliyefika wa kwanza kwa Onesmo, na kila mmoja alisema kwa kumsifu.

"Shikamoo, mayu," alisema Mwigulu, akitumia lile neno la Kisukuma la kumheshimu mama.

"Marahaba. Nahitaji mikono. Taa hizi zinashushwa ziende kituoni kama vielelezo, na askari niliye naye anaogopa ngazi."

Fredy, ambaye haogopi ngazi, alifungua mdomo, akaufunga. Mageni alimtuma akazime swichi kuu na asitoke hapo mpaka aitwe. Kisha akamwita arudi, kana kwamba amebadili mawazo, akamwambia aanze yeye na mkanda wa taa wa chini, ule usiohitaji ngazi, maana umeme umeshazimwa. Fredy akafungua tepu kwenye kiungo, akazivuta nyuzi zikaachana, akauangusha mkanda chini ncha zikiwa zimetawanyika huku na huku. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu asiye na mazoea na nyaya.

"Haya, dereva. Za juu."

Mwigulu akapanda ngazi iliyoegemezwa ukutani. Akafungua tepu ya kiungo cha kwanza, akazitenganisha nyuzi. Kipande kilichobaki mkononi, kabla hajakiachia, alikishika kwa vidole viwili akazisokota ncha pamoja, akazikunja nyuma. Akakiachia.

Kiungo cha pili, vile vile. Macho yake yalikuwa kwingine. Alikuwa anamwambia Fredy aisogeze ngazi kidogo kushoto. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ndipo Mageni alipokumbuka. Alikuwa askari mpya upande wa Geita, wametumwa kwenye shimo la wachimbaji wadogo, na mwenzake aliokota waya wa fataki, kile kidude cha kulipulia baruti, akaanza kuzifumua ncha zake. Mpiga baruti alimrukia akampiga kofi mkononi. Alimtukana mama yake na bibi yake. Waya wa fataki hauachwi ncha zikiwa zimeachana, alifoka, radi ikipiga huko mbali au umeme ukipotea njia, unazika watu! Ncha zinasokotwa mpaka dakika ya kupiga. Anayefanya kazi ile akiisha kuizoea, husokota kila waya anaoushika, hata wa redio.

Kwa fundi wa taa, ncha zilizosokotwa ni hatari. Kwa mpiga baruti, hatari ni ncha zilizoachana. Na juzi, geti limeshaua, watu wanapiga kelele, mtu alikuwa amepata nafasi ya kuvuta pumzi moja tu. Katika pumzi hiyo mkono wake ulifanya kile ulichofundishwa kuwa ndio usalama.

"Mwigulu, shuka," alisema.

Akashuka.

"Umewahi kufanya kazi machimboni?"

"Sijawahi, mayu. Mimi dereva tu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mashimo nayaogopa."

"Kwa nini unazisokota?"

Mwigulu akatazama mkanda wa taa uliolala miguuni pake. Alitazama kwanza kiungo kimoja, kisha cha pili, na damu ikamhama usoni.

"Ndivyo tunavyofanya," alisema polepole.

"Ninyi nani? Madereva?"

Fredy akasogea akasimama kati yake na geti.

"Kuanzia sasa hulazimiki kusema neno," alisema Mageni, "na utakalosema linaweza kutolewa mahakamani. Umeelewa? Vizuri. Onesmo kabla ya kuja Kahama alikuwa msimamizi wa duara, shimo la dhahabu, huko Geita, hilo lipo kwenye maelezo ya Mzee Pranlal. Shimo likiwa na msimamizi, lina mpiga baruti pia. Nikipiga simu moja nitaambiwa alikuwa nani. Nipige?"

Mwigulu aliinama akaanza kuukusanya mkanda wa taa.

"Ulipanda ngazi kufunga maua ukapitisha waya. Ulijua atanawa miguu na atashika geti. Kuna mtu ana watoto yuko mahabusu kwa ajili yako, saa nane anapelekwa mahakamani. Nawe unapangusa kioo."

"Atatoka," alisema Mwigulu. "Watu wa namna ile hutoka."

Mageni akaona njia hiyo imefungwa, akajaribu nyingine.

"Nilikuwa msibani kwa Onesmo jana," alisema. "Kwaya imeimba vizuri. Mchungaji amesema marehemu hakuwahi kusema uongo maishani mwake. Mtu wa ukweli, amesema, na watu wote wakaitikia amina."

Mwigulu akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na kilimfanya Fredy aguse pingu zake.

"Mtu wa ukweli!" alisema. "Nilimwuliza, mayu. Kila siku ya kupiga baruti namwuliza, ndiyo sheria ya shimo. Wote wamepanda? Yeye ndiye anayesimama mdomoni mwa shimo, yeye ndiye anayeona watu. Akasema wote. Shimo liko wazi, piga. Alikuwa na haraka, wenzetu wa duara la pili walikuwa wanaukaribia mwamba ule ule. Nikapiga."

Akatazama viganja vyake.

"Mdogo wangu alikuwa chini. Jina lake Januari. Tulimtoa kwa vipande."

Kwenye mlango wa baraza alikuwa ametokea Anjali, amevutwa na kile kicheko. Mageni alimwona, Mwigulu alikuwa amempa mgongo.

"Halafu akawaambia watu sikuuliza," aliendelea Mwigulu. "Akaapa. Na nani ataaminiwa, msimamizi aliye mzee wa kanisa au mpiga baruti? Mama yangu hali chakula nilichokinunua mimi. Nikienda nyumbani anatoka kwa mlango wa nyuma. Kisha huyo huyo Onesmo akanitafutia kazi hapa, udereva, akaniombea kwa Mzee. Alidhani tumemalizana. Kila asubuhi ananiambia Bwana asifiwe."

"Ukakaa ukisubiri."

"Sikusubiri kitu! Niliendesha gari. Ningeendesha mpaka nife." Sauti ilimkatika, akairudisha. "Boaz alipoleta taa, siku ya kuzijaribu, dada akasimama barazani na kidole kwenye swichi akaniuliza, Mwigulu, getini hakuna mtu? Vile vile, mayu. Swali lile lile. Na safari hii wa kujibu ni mimi. Sikulala. Kesho yake nikachukua waya."

Mageni akamgeukia Fredy. "Mpigie Afande Mwita. Mwambie Boaz asipandishwe kwenye gari. Mwambie nakuja na mtu." Kisha akamfunga Mwigulu pingu, na Mwigulu akaitoa mikono yake bila ubishi, kama mtu anayetoa nauli.

Mwigulu alipogeuka kuelekea nje, alimwona Anjali.

Yule mwanamke aliyesimamisha wanaume dukani kwake alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Ulijua yupo," alisema.

"Dada Anjali, wewe huna kosa." Mwigulu alisema kwa haraka, karibu kwa upole. "Hata mahakamani nitasema. Uliuliza, mimi ndiye niliyekudanganya. Wewe hukujua."

"Na wewe hukujua kama mdogo wako yuko chini."

Mwigulu akainamisha kichwa. Mageni alimvuta kidogo kwa mkono, lakini miguu yake ilikuwa imegoma, na inspekta, ambaye tangu asubuhi hakumhurumia mtu, hakumvuta mara ya pili.

Anjali alishuka ngazi za baraza bila viatu, akaja mpaka mbele yake kwenye tope.

"Nakuuliza kitu," alisema. "Umenifanya niwe kama wewe, kwa hiyo wewe ndiye unayejua. Baada ya siku ile ya shimo, ulilala tena usingizi?"

Mwigulu akaanza kulia.

"Usilie," alisema Anjali. "Nijibu."